Shamba la Shosh Liko Ndani ya Sanduku

Tangu Januari inboksi yangu imejaa swali moja: "Niko na laki moja na kitu, nianzie wapi na hii maneno ya ploti?" Nilikuwa nimepanga kuandika posti fupi, mambo matano ya kufanya, halafu nilale. Kisha nikaenda kumwona shosh wangu Murang'a na mpango ukaharibika. Hii ndio imebaki. Ni ndefu, na nusu yake ni historia, lakini kama uko karibu kutumia mtu dipoziti, soma kwanza. Pesa yako haitaoza kwa dakika kumi.

Tuko wanne kwa chama chetu. Kwa miezi 14 kila mmoja ameweka 5,000, na tulipofika 280,000 tukaanza kujiona mabepari. Mmoja wetu akaona video: ploti za 50 kwa 100, upande wa Kangundo Road, 399,000, dipoziti 100,000, "hati miliki tayari". Jumamosi moja tukapelekwa na matatu ya kampuni. Tukapewa soda. Tukaonyeshwa bendera, barabara ya vumbi iliyolimwa na tingatinga, na mawe manne kila kona. Kijana wa mauzo, wa rika letu kabisa, akatuambia zimebaki sita na kesho bei inapanda. Kusema ukweli nilikuwa nimeshafungua simu nilipe. Kilichonizuia ni betri. Simu ilizima.

Wikendi iliyofuata nikaenda ushago na nikajigamba kwa shosh: "Shosh, karibu nimenunua shamba." Hakunipongeza. Aliinuka pole pole, akaingia chumbani, akatoka na sanduku la bati. Chini ya barakoa za kovidi na picha za harusi kulikuwa na bahasha ya kaki. Ndani yake, cheti cha hisa cha 1974. Jina lake, nambari ya mwanachama, muhuri, sahihi mbili.

"Hili ndilo shamba langu, baba," akaniambia. "Liko hapa ndani ya sanduku."

Nimemjua shosh miaka 24 na sikuwa nimewahi kusikia hii stori. Miaka hiyo alikuwa anachuma chai na kuuza maziwa. Kukaundwa kampuni ya kununua mashamba. Wazungu walikuwa wanauza na kuondoka, na mtu mmoja hawezi kununua ekari elfu mbili, kwa hivyo watu wanachanga, wananunua hisa, kampuni inanunua shamba lote kule Bonde la Ufa, halafu kila mwenye hisa anapata kipande chake kwa baloti. Shosh alilipa kwa awamu. Siku ya baloti akapanda lori usiku kucha, akaokota nambari yake, akaenda kuonyeshwa kipande, akakuta wengine wawili wana nambari ileile. Akaambiwa arudi mwezi ujao. Alirudi mara tano. Mara ya mwisho alikuwa na mimba ya mama yangu na ofisi ilikuwa imefungwa. Vipande vya kando ya mto, akasema, vilikuwa na watu wa familia za wakurugenzi.

Nilirudi Nairobi na swali likinikera. Karatasi ya shosh ilikuwa ya kweli. Muhuri wa kweli, pesa ya kweli, shamba la kweli. Sasa mbona hana shamba?

Nikaanza kusoma. Na kitu cha kwanza nilichoelewa ni kwamba hapa kwetu karatasi ya ardhi haikuletwa ili mwenye shamba ajulikane. Ililetwa ili mwenye shamba abadilishwe. Reli ilianza kujengwa kutoka Mombasa 1896 na ikafika Nairobi 1899, na serikali ya Uingereza ilitaka mtu wa kulipia ile gharama, kwa hivyo ikahitaji walowezi, na walowezi wakahitaji mashamba. Sheria ya Ardhi ya Taji ya 1902 ikawapa mkataba wa miaka 99. Wakalalamika ni kidogo. Sheria ya 1915 ikawapa miaka 999. Hesabu mwenyewe hiyo inaisha lini. Na 1921 mahakama ya koloni ikaamua, katika kesi ya Wakikuyu waliokuwa wanabishania shamba, kwamba Mwafrika hana haki ya ardhi hata ndani ya hifadhi yake mwenyewe. Ni mpangaji tu wa Taji, na anaweza kuondolewa wakati wowote. Yaani mtu alilala akiwa mwenye shamba, akaamka mpangaji, na hajasonga hata hatua moja.

Hapo ndipo hati zetu nyingi zinaanzia. Ukiona hati ya shamba la upande wa milima ya zamani ya Wazungu, na mtu akakuambia "historia yake ni safi tangu 1910", uliza safi kwa nani.

Lakini kuna sehemu ya hii historia inanibamba sana, na hatukufundishwa shuleni. Unajua waekezaji wa kwanza Waafrika wa nyumba za kupanga hapa Nairobi walikuwa nani? Wengi walikuwa wanawake. Mji ulikuwa hautaki Mwafrika akae. Alitakiwa afanye kazi, alale kwa kitanda cha mwajiri, kazi ikiisha arudi kwao. Lakini kijiji cha Pangani kikaota, na baadaye Pumwani, mtaa rasmi ambao mji ulianzisha mwanzo wa miaka ya 1920. Wanawake waliokuja mjini peke yao, wengine wakitoroka ndoa, wengine njaa, walitafuta pesa kwa njia walizoweza. Wengine waliuza pombe, wengine waliuza miili yao, na hawakuificha sana. Wakaweka akiba, wakajenga nyumba za udongo za vyumba kadhaa, wakaishi chumba kimoja na kukodisha vingine. Mwanahistoria Luise White aliwatafuta baadhi yao wakiwa wazee, akaketi nao na kuandika kitabu kilichotoka 1990. Ukiwasoma ni kama unaskia landledi wako wa Umoja akieleza kwa nini rent inalipwa tarehe tano. Walijua hesabu.

Sasa shida yao. Walikuwa na kuta. Udongo ulio chini ya kuta haukuwa wao. Mwisho wa miaka ya 1930 mji uliamua Pangani iondoke, na Pangani ikaondoka. Wenye nyumba wakaelekezwa Shauri Moyo, na nyumba walizokuwa wamezijenga kwa mikono yao zikabomolewa. Mtaji wa maisha yote ulikuwa umeekwa juu ya ardhi ya mtu mwingine, na huyo mtu mwingine alipobadilisha nia hakukuwa na cha kubishana.

Kama wewe ni wa Mombasa hii si ngeni kwako. Majengo na mitaa mingine ya zamani ina kitu kinaitwa nyumba bila ardhi mpaka leo: nyumba ni yako, unaweza kuirithisha na hata kuiuza, lakini kiwanja kina mwenyewe na unamlipa kodi ya ardhi. Pwani ilikuwa na njia yake. Sheria ya 1908 iliwaambia watu wa ule ukanda wa maili kumi walete madai yao waandikishwe, na ardhi ambayo hakuna aliyeidai kwa karatasi ikahesabiwa kuwa ya Taji. Familia nyingi za Wamijikenda hazikudai. Nani angewaambia? Ndio maana leo unaweza kukuta mtu anaitwa skwota mahali kaburi la babu ya babu yake liko. Unaambiwa "ploti ya bahari, bei ya kutupa", na ile bei ya kutupa ni kwa sababu kuna watu mia mbili wanaishi hapo na hawaendi mahali.

Turudi bara, juu hati ya kisasa yenyewe ina tarehe ya kuzaliwa na ni tarehe mbaya. 1954, katikati ya Hali ya Hatari, afisa wa kilimo aitwaye Swynnerton alitoa mpango wa kukusanya vipande vya mashamba ya Waafrika, kuvipima na kumpa kila mtu hati. Kwa karatasi ni wazo zuri, na kahawa na chai za ushago zilikuja na huo mpango. Lakini angalia wakati. Maelfu ya wanaume wa Mkoa wa Kati walikuwa kizuizini. Mashamba yanapimwa, kamati inaketi, na mwenye shamba yuko Manyani au Hola. Waliokuwa upande wa serikali walikuwa nyumbani, na wengi wao waliketi kwa hizo kamati. Watu walitoka kambini wakakuta kipande chao kimeandikwa jina la jirani, au wao wamesukumwa hadi kwa mteremko.

Ungedhani uhuru ukija, mtu ataenda mahakamani aseme hii hati ilipatikana kwa wizi. Hapa ndipo nilisoma kifungu kimoja mara tatu nikidhani nimekosea. Sheria ya Ardhi Iliyosajiliwa ya 1963, kifungu cha 143, iliruhusu mahakama kurekebisha rejista kama usajili ulifanywa kwa ulaghai au makosa, isipokuwa usajili wa kwanza. Umeskia? Usajili wa kwanza haukuguswa hata kama ulikuwa wa ulaghai. Ukiwahi kuandikwa wa kwanza, umemaliza. Hiyo sheria ilikaa hadi 2012. Ni karibu nusu karne ambayo somo kubwa la ardhi Kenya lilikuwa: wahi, andikwa, mengine watajua wenyewe. Mimi naamini hiyo tabia ndio tuliirithi, na kila broka anayekuambia "lipa leo, maswali baadaye" anaongea lugha ya kifungu cha 143 bila kujua.

Basi tukafika kwa shosh. Mwaka 1962 kulianza mpango wa ekari milioni moja, mashamba ya walowezi yakinunuliwa kwa mikopo na kugawiwa Waafrika. Waliobaki nje, na walikuwa wengi, ndio waliingia kwa kampuni na vyama vya ushirika. Hizo kampuni zilifanikiwa mahali pengi, nisidanganye. Kuna vijiji vizima Nakuru, Laikipia na hapa kando ya Nairobi vilizaliwa hivyo, na kuna watu walisomesha watoto kwa hicho kipande. Lakini ubovu ulikuwa ndani ya mfumo. Unaponunua hisa hununui ardhi. Ardhi ni ya kampuni, na hati moja kubwa, hati mama, iko kwa jina la kampuni na ndani ya kabati ya wakurugenzi. Wewe una ahadi. Wakiuza hisa nyingi kuliko vipande, wakichelewesha kugawa, wakikopa na ile hati mama, wewe uko na cheti kwa sanduku. Sheria ya Udhibiti wa Ardhi ya 1967 ilitaka hata mauzo ya hisa za kampuni binafsi inayomiliki shamba la kilimo yapate kibali cha bodi, na bila kibali mapatano ni batili. Nimemuuliza shosh kama aliwahi kusikia hiyo bodi. Akaniuliza ni bodi ya shule gani.

Sasa fungua simu yako uangalie hizi kampuni za ploti za leo. Hati mama iko kwa jina la kampuni, au la mtu mwingine kabisa. Unalipa kwa awamu. Unapewa "cheti cha umiliki" chenye nembo ya dhahabu, ambacho kampuni imejichapishia yenyewe. Hati yako "iko kwa mchakato". Ni 1974 na vichujio vya Instagram.

Miaka ya themanini na tisini nitaipita haraka kwa sababu inaniharibia siku. Ardhi ya umma iligawiwa kama zawadi: viwanja vya shule, misitu, kando ya barabara, fuo za bahari. Mtu anapewa barua ya ugawaji asubuhi, anaiuza jioni, mnunuzi anaigeuza hati, anaiuza kwa mnunuzi wa tatu ambaye amekopa benki na hajui lolote. Tume ya wakili Paul Ndung'u, iliyoundwa 2003 na ripoti yake kutolewa wazi mwisho wa 2004, ilikadiria hati haramu 200,000 hivi zilitolewa kati ya 1962 na 2002, nyingi zaidi katika hiyo miaka ya mwisho. Laki mbili. Na hati haina harufu. Hizo 200,000 hazikuchapishwa kwa karatasi ya rangi tofauti. Nyingi zilitoka ofisi ileile, muhuri uleule.

Katiba ya 2010, ibara ya 40, inalinda mali yako, halafu kipengele cha 6 kinasema ulinzi huo haufiki kwa mali iliyopatikana kinyume cha sheria. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 ikasema hati inaweza kufutwa ikiwa ilipatikana bila kufuata utaratibu, au kupitia mpango wa ufisadi. Kifungu cha 143 kikafa. Ni haki, na ni sheria nzuri. Lakini ilikuta laki mbili za karatasi ziko sokoni, mikononi mwa watu ambao wengi hawakuiba kitu.

Novemba 2011, Syokimau, nyumba zilibomolewa kwa sababu ardhi ilidaiwa kuwa ya uwanja wa ndege. Watu walisimama mbele ya kamera wakiwa na karatasi mkononi. Oktoba 2023 ikawa Athi River, kwenye ardhi ya kampuni ya simiti ya East African Portland, baada ya mahakama kuamua. Nyumba za ghorofa, zenye maji na stima, chini. Mimi nilikuwa nacheki hizo video nikila chipo, nikiandika kwa maoni "pole sana wasee", na sikufikiria kitu kingine.

Kesi iliyonifungua macho ni ya Mombasa, Dina Management. Kiwanja kiko Nyali, kando ya bahari. Serikali ya kaunti iliingia 2017 ikabomoa ukuta ili kufungua njia ya watu kufika ufuoni. Kampuni iliyokuwa na hati ikaenda kortini ikasema: tulinunua kwa pesa yetu, tulifanya sachi, hati ilikuwa safi, sisi ni wanunuzi wasio na hatia. Mlolongo wa kile kiwanja ulirudi hadi 1989, kilipogawiwa Rais wa wakati huo, Daniel arap Moi. Kisha kikauzwa, kikauzwa tena. Aprili 2023 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba kilikuwa ardhi ya umma iliyogawiwa bila utaratibu, na kama mzizi umeoza, hati ya mnunuzi wa tatu haiwezi kupona kwa sababu tu yeye ni mtu mzuri. Miezi mitano baadaye, katika kesi ya Torino kuhusu ardhi ya Embakasi iliyokuwa inatumiwa na jeshi, mahakama ileile ikasema barua ya ugawaji peke yake si hati na haimpi mtu ardhi ya kuuza.

Nakubaliana na majaji, na bado inanikera. Serikali ndio ilitoa ile karatasi. Afisa wa serikali aliweka muhuri, serikali ikachukua ushuru wa stempu kila ilipouzwa. Halafu siku ya hesabu, anayebeba hasara ni wa mwisho kwenye foleni. Aliyegawa yuko nyumbani. Aliyeuza mara ya kwanza amejenga. Wewe uliyekuja 2025 na laki zako tatu za kubeti na kuuza mitumba ndio unaambiwa ulipaswa kuuliza kilichofanyika 1989 kabla hujazaliwa. Si sawa. Lakini ndio sheria ilivyo, kwa hivyo uliza.

Na kuuliza kwenyewe si kugumu vile watu hudhani. Tangu Aprili 2021 kuna Ardhisasa, ambayo ilianza na Nairobi, na mahali haijafika unaenda masijala ya ardhi ya kaunti. Ukiwa na nambari ya shamba unafanya sachi rasmi: inakuambia leo mwenye jina ni nani, ukubwa, na kama kuna benki au mtu aliyeweka kizuizi. Wengi huishia hapo. Sachi ni picha ya leo tu. Omba nakala ya rejista yenyewe, ile watu wa masijala huita kadi ya kijani, iliyo na mlolongo wa waliowahi kuandikwa, tarehe, na kila mara mkono ulipobadilika. Hiyo ndio inaonyesha kama shamba lilikaa kwa mtu miaka thelathini halafu ghafla likauzwa mara tatu kwa mwezi mmoja. Kisha chukua ramani, mlipe mpima ardhi wako wewe, si wao, akakanyage zile bikoni. Na kabla hujaondoka hapo ongea na mama anayechunga mbuzi. Mbuzi hazijui brosha.

Sisi tulifanya hivyo. Tuliitisha hati mama, kijana wa mauzo akanyamaza siku nne, halafu akatuma picha ya nakala, nambari ikionekana nusu. Tukaijaza nusu nyingine kwa kuuliza majirani. Sachi ikaja: mwenye shamba ni mzee aliyesajiliwa 1978, ekari 12. Hakuna mauzo, hakuna mgawanyo, kampuni haionekani popote. Tukarudi kule bila matatu ya soda. Mama mmoja mwenye kioski akatuambia yule mzee alizikwa 2016, ana familia mbili, na kijana mmoja wa familia ndogo ndiye "aliuza". Familia kubwa haijaketi hata kikao. Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika 1981, inasema bila kibali cha mahakama huna ruhusa ya kushika mali ya marehemu, na ukiishika ni kosa la jinai. Kwa hivyo zile bendera, lile tingatinga, zile soda, zote zilikuwa juu ya shamba la maiti.

Tulipompigia kijana wa mauzo alisema urithi "unashughulikiwa" na kwamba wengine arobaini wamelipa. Namwamini kwa hilo la arobaini.

Kuna hesabu nyingine ndogo hakuna aliyetuambia. Ploti ya 50 kwa 100 hukuitwa nane ya ekari. Futi 50 mara 100 ni futi mraba 5,000. Nane ya ekari ni 5,445. Hizo 445 ni bedsita na choo chake, na kwa shamba la ekari 12 zinajumlika kuwa ploti kadhaa za bure kwa muuzaji. Halafu kuna ushuru wa stempu, asilimia 4 mjini na 2 mashambani, kuna wakili, kuna mpima ardhi, na kama ni shamba la kilimo kuna bodi ya udhibiti, ileile ya 1967. Maombi yanatakiwa ndani ya miezi sita ya mapatano. Zile 280,000 zetu hazikuwa zinatosha hata kama ploti ingekuwa safi kama maji ya Sagana. Ni afadhali kujua hivyo mapema kuliko kujua baada ya dipoziti.

Chama hakikutoka salama. Mmoja wetu alisema mimi ni mwoga, kwamba kila mtu tajiri alianza na karatasi chafu na akaisafisha mbele ya safari. Kwa historia niliyosoma siwezi hata kumwambia anadanganya. Alichukua sehemu yake, elfu sabini, akakopa elfu thelathini na akalipa dipoziti. Tunaongea, lakini si kama zamani. Sisi watatu pesa iko kwa sako bado, na nambari inayofuata tutakayofanyia sachi ni ya Juja Farm. Imeshatuchosha na hatujaifikia.

Mwezi uliopita nilimfanyia shosh kitu. Kuna mzee wa kijiji chao aliyepata kipande chake kwenye lile shamba la kampuni, na kupitia kwake tukapata nambari ya kipande ambacho shosh alionyeshwa siku ya baloti. Nikafanya sachi. Limesajiliwa 1988 kwa jina ambalo shosh alilijua mara moja. Alicheka, si kicheko kizuri. Kadi inaonyesha liliuzwa 1996, na tena 2009, kwa watu ambao hakuna mtu kwetu anawajua. Huyo wa 2009 labda ni mwalimu, labda ni nesi. Labda alikopa.

Shosh akaniuliza kama kuna mtu anaishi pale. Nikamfungulia picha ya setilaiti kwa simu, nikaikuza. Nyumba ya mabati mekundu, tangi la maji, mistari ya mahindi. Aliishika simu karibu na macho kwa muda mrefu.

"Huyu hajui mimi niko," akasema. Kisha akaniuliza kama hiyo miti kwenye mpaka ni mikaratusi, kwa sababu mikaratusi inanyonya maji ya shamba.

Nikamwambia sioni vizuri. Akarudisha cheti kwa bahasha, na bahasha kwa sanduku.